Nafasi Si Nafsi: Mtangazaji Anapoacha Runinga



Somo la kutafakari: Mathayo 25:14-30

Vijana wenzangu, leo naomba tujadili swali ambalo vijana wengi wa kwetu Mara wanaliuliza kwa sauti ya chini, hasa wakishamaliza chuo na kuonja kazi kidogo. Je, ni haki mtu kuacha kitu anachokifanya vizuri, ambacho watu wanamsifia, akaenda kuanza kingine kutoka sifuri? Au huko ni kukosa shukrani kwa Mungu aliyempa kipaji, na kwa watu waliomwamini?

Ukilisikia haraka haraka, hili ni swali la ajira tu. Ukilichimba unakuta ni swali la maadili. Ndani yake kuna maswali matatu: mimi ni nani, nilichonacho ni cha nani, na nina deni kwa nani? Ukikosea la kwanza, yale mawili yatakusumbua maisha yako yote.

Mfano tunaoujua

Tumchukue mtu ambaye wengi wetu tumekua tukimsikia: Vanessa Mdee. Mwaka 2007, akiwa bado binti wa chuo, alishinda shindano la kutafuta watangazaji wa MTV Base lililofanyika Dar es Salaam, akawa Mtanzania wa kwanza kutangaza katika kituo hicho. Alikuwa akisoma sheria katika Chuo Kikuu Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Fikiria mwenyewe: sheria upande huu, runinga inayotazamwa Afrika nzima upande ule. Mzazi gani asingesema, "Mwanangu, hapo tulia"?

Hakutulia. Baadaye akasikika redioni, Choice FM ya Dar es Salaam. Mwaka 2012 sauti yake ikatokea katika wimbo "Me and You" wa Ommy Dimpoz, na 2013 akatoa wimbo wake mwenyewe, "Closer". Mtangazaji akawa mwanamuziki. Mwaka 2018 akatoa albamu, *Money Mondays*. Halafu mwaka 2020, jina likiwa bado kubwa, akatangaza kupitia podikasti yake kwamba anaachana na biashara ya muziki, kwa sababu ilikuwa inamwondolea amani.

Sasa, mimi sina mamlaka ya kuipima dhamiri ya dada huyu, wala simleti hapa ili tumsifu au tumhukumu. Namleta kwa sababu safari yake iko wazi na inatusaidia kuliona swali vizuri. Kwa macho ya kawaida amebadilika mara tatu au nne: runinga, redio, muziki, kisha podikasti. Lakini jiulize, katika yote hayo ni nini ambacho hakikubadilika? Sauti. Kuongea na watu, kuwagusa, kuwashika masikio. Alichokuwa anahama ni jukwaa. Kipaji kilihama naye.

Herufi moja tu

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana: nafasi na nafsi. Herufi moja tu inayatenganisha. Nafasi ni kiti ulichopewa: mtangazaji, mwalimu, katibu wa VIWAWA, kiongozi wa kwaya. Nafsi ni wewe mwenyewe, yule ambaye Mungu alimjua kabla hajapewa kiti chochote. Matatizo mengi ya kizazi chetu yanatokana na kuichanganya herufi hiyo moja.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kinachojulikana kwa jina la Nikomako, anauliza swali zuri. Fundi seremala ana kazi yake, na fundi viatu ana ya kwake. Je, mtu, kwa kuwa tu ni mtu, hana kazi yake? Anajibu kwamba anayo, na kazi hiyo ni kuishi vizuri, kwa akili na kwa fadhila. Yaani kabla hujawa fundi wa chochote, kuna kazi ya kuwa mtu, na hiyo huwezi kuistaafu. Ufundi mwingine wote unaingia chini yake.

Kanisa linaongeza jambo ambalo Aristotle hakulijua: kwamba kazi hiyo ya kuwa mtu ni jibu kwa Mtu mwingine anayeita. Ndiyo maana tunaongea juu ya wito. Katika mfano wa talanta, angalia bwana yule hakuwaambia watumishi wafungue biashara gani. Hatuambiwi kama yule wa talanta tano aliuza nafaka, samaki au vitambaa. Pengine alibadili biashara njiani mara mbili. Bwana aliporudi hakuuliza habari za duka. Aliuliza habari za talanta.

Basi kumwambia mtu "ukiacha runinga umetupa kipaji" ni kuchanganya duka na talanta.

Kushuka kutoka kwenye picha hadi kwenye sauti

Kuna jambo lingine katika safari ya kutoka runinga kwenda redio. Watu wanaona ni kushuka. Kwenye runinga unaonekana, nguo yako inaonekana, njiani wanakupigia honi. Kwenye redio hakuna anayekujua sura. Hata ukipita stendi ya Bunda saa sita mchana, utabanana na abiria wengine kama kawaida.

Lakini redio inafika ambako picha haifiki. Mvuvi wa Mwigobero akiwa ziwani usiku hawezi kutazama runinga, ila redio ndogo anayo. Mama anayepanga dagaa juani, mikono yake imeshughulika na macho yake pia, masikio tu ndiyo yako wazi. Hao wote ni watu wa sauti. Na tukumbuke kwamba Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha runinga mpaka mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia tangu miaka ya 1970. Babu na bibi zetu wengi hapa Mara walimjua Mwalimu Nyerere kwa masikio. Mwaka 1978, vita vya Kagera vilipoanza, taifa zima liliinama kwenye redio kumsikiliza.

Mtakatifu Paulo anawaambia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Na Mtakatifu Augustino alipohubiri juu ya Yohane Mbatizaji alitoa fundisho ambalo kila mtangazaji angelibandika studio: Yohane ni sauti, Kristo ni Neno. Sauti ikishalifikisha neno moyoni mwa msikilizaji, inapita. Neno linabaki. Kwa hiyo mtu wa sauti akipungua kuonekana, hajawa mdogo. Swali la kumwuliza ni hili: neno unalolibeba ni lipi?

Hapo hapo ndipo penye hatari pia. Muziki, redio, runinga, vyote vinaweza kumfanya mtu asahau kwamba yeye ni sauti, akaanza kujiona ndiye neno. Akifika hapo, kuhama jukwaa hakutamsaidia. Atahama na ugonjwa wake.

"Usiache mbachao kwa msala upitao"

Tuwe wakweli. Wazee wana hoja yao, na ni hoja nzito. Mbacha ni mkeka uliochakaa lakini ni wako. Msala upitao unang'aa, ila si wako na hauna uhakika nao. Wangapi tumewaona wameacha ualimu kwa ajili ya muziki, muziki kwa ajili ya biashara ya mtandaoni, na biashara kwa ajili ya kitu kingine, na leo hawana hata kimoja? Anayeng'oa mhogo kila wiki kuangalia kama umezaa, hatavuna.

Yule mtumishi wa talanta moja aliificha ardhini kwa woga. Lakini kuna namna ya pili ya kuizika talanta: kuihamisha hamisha kila siku mpaka isipate muda wa kuzaa. Wa kwanza anaogopa kuanza. Wa pili anaogopa kuendelea, kwa sababu kuendelea kuna siku za kuchosha ambazo hakuna anayekupigia makofi.

Kwa hiyo si kila kuhama ni sawa. Kuna kuhama na kuna kukimbia. Anayehama anaweza kukuambia anakwenda wapi na kwa ajili ya nani. Anayekimbia anajua tu anachokichukia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatushauri kwamba wakati wa ukiwa wa kiroho, moyo ukiwa mkavu na umechafuka, tusibadili maamuzi tuliyoyafanya tukiwa na amani. Haimaanishi ukae mahali panapokuua. Maana yake usiruhusu siku moja mbaya ikuandikie barua ya kuacha kazi. Kama jambo linakuondolea amani mwezi baada ya mwezi, hata ukiwa umesali, umepumzika na umeshauriwa, hiyo si siku mbaya tena. Hiyo ni dalili, na ni haki kuisikiliza.

Mtu wa Butiama

Mfano bora wa kuhama bila kukimbia tunao hapa hapa nyumbani. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Mwisenge pale Musoma, akabatizwa Nyegina mwaka 1943. Alikuwa mwalimu kweli kweli: Tabora kwanza, na baada ya masomo Edinburgh akafundisha Pugu. Mwaka 1955 ikambidi achague, ama shule ama siasa. Akaacha ualimu.

Mshahara ukakatika, na ana familia. Na hakuruka moja kwa moja kwenye utukufu. Alirudi nyumbani kwa miezi kadhaa, akawa anamfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll. Hebu fikiria majirani walivyosema: msomi wa Ulaya, mwenye digrii, amerudi kijijini anafundisha Mzungu lugha ya mama! Katikati ya nafasi ya zamani na nafasi mpya mara nyingi kuna kipindi kama hicho, ambacho huna kadi ya kazi ya kumwonyesha mtu. Vijana wengi tunashindwa hapo. Tunadhani ukimya wa Mungu ni kosa letu.

Halafu tazama. Aliliacha darasa, lakini mpaka anakufa mwaka 1999 nchi nzima ilimwita nani? Mwalimu. Nafasi iliondoka mwaka 1955, nafsi ikabaki ile ile. Alifundisha kwenye mikutano ya hadhara, alifundisha redioni, na hata akiwa Rais aliendelea kutafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Na hakung'ang'ania kiti. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama. Mwaka 1985 akaacha urais, akarudi Butiama. Mtu anayeweza kushuka hivyo ni kwa sababu hakuwahi kudhani kiti ndicho yeye. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake ulianzia jimboni kwetu Musoma.

Namna ya kuondoka

Kuna swali moja tunalisahau. Tunauliza "niondoke au nisiondoke?" lakini hatuulizi "nitaondokaje?" Na maadili mengi yamejificha kwenye hilo la pili.

Augustino, huyo huyo, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema pale Milano. Kwa lugha ya leo alikuwa mtu wa kipaza sauti, analipwa kwa maneno mazuri. Mwaka 386 akaongoka. Alijua moyoni kwamba kazi ile imekwisha. Lakini zilikuwa zimebaki siku kama ishirini kufikia likizo ya mavuno ya zabibu. Akavumilia. Hakutaka kuondoka kwa kishindo, watu waseme anatafuta sifa. Likizo ilipokwisha akawaarifu watu wa Milano watafute mwalimu mwingine, na kifua chake kilichokuwa kinamsumbua kikawa sababu mojawapo. Pasaka ya 387 akabatizwa. Miaka michache baadaye, huko Hippo, sauti ile ile iliyouza maneno ikaanza kugawa Neno bure.

Siku ishirini! Sisi tungeweka posti usiku ule ule.

Tulete Bunda

Sasa tuiweke hoja kwenye maisha. Chukua kijana wa Bunda, mwalimu wa shule ya msingi. Anaimba vizuri, kwaya ya parokia inamtegemea, na anajua kupiga litungu alilofundishwa na babu yake. Anawasomesha wadogo zake wawili. Anatamani kuacha kufundisha aingie kwenye muziki na utangazaji. Tumwambie nini?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema busara ina hatua tatu: kutafuta shauri, kuamua, na kutekeleza. Wengi wetu tunaruka ya kwanza, au tunakwama kwenye ya pili, na ya tatu hatufiki kamwe. Kijana huyu angejiuliza hivi:

*Nina deni kwa nani?* Ada ya wadogo zake ni deni la haki, siyo hisani. Kama kuacha kazi mwezi huu kutawarudisha nyumbani, basi huo siyo mwezi wa kuacha. Kipaji hakinipi ruhusa ya kuwafanya wengine walipie ndoto yangu bila kuwauliza.

*Je, kuna mlango mdogo kabla ya mlango mkubwa?* Bunda kuna redio ya jamii, Mazingira FM. Musoma nako kuna redio. Kuna kipindi cha wikiendi, kuna kurekodi wimbo mmoja na kwaya. Mwaminifu katika dogo ndiye anayekabidhiwa kubwa.

*Nikiwa sijulikani, bado nitapenda kuifanya?* Ondoa picha, ondoa wafuasi, ondoa pesa ya shoo. Ikibaki sauti tu na mama wa dagaa anayesikiliza, bado unaitaka? Kama ndiyo, inawezekana ni wito. Kama hapana, ulichokipenda ni kioo.

*Nani ananijua vizuri na hanifaidi?* Paroko, mlezi, mzee wa jumuiya ndogo ndogo. Nenda kwa mtu asiyepata chochote ukibaki wala ukiondoka.

Akishajibu hayo kwa uaminifu, na amani ikabaki, basi aende. Hata wazee wakinung'unika. Kubaki mahali kwa sababu tu ya kuogopa maneno ya watu ni kuizika talanta kwa heshima.

Agano ni jambo lingine

Ninajua mtu atasema: kwa hoja hii hata ndoa mtu ataihama! Hapana. Nafasi hubadilika, agano halibadiliki. Mume hajapewa "nafasi" ya mke wake. Amejitoa nafsi yake. Padre vilevile, na mtawa wa nadhiri za daima. Pale hukuweka kitu ulichonacho mikononi mwa Mungu, ulijiweka wewe. Ndiyo maana Kanisa linachukua miaka mingi kabla ya kumruhusu mtu aseme neno hilo. Ikiwa kazi inaweza kubadilishwa, ni kwa sababu kuna kitu cha ndani zaidi ambacho hakibadilishwi.

Na hapa nina ombi, kama mseminari. Katika vigango vyetu kuna kijana aliyetoka seminari, au binti aliyetoka utawani kabla ya nadhiri. Kijiji kilimchinjia mbuzi akienda, na sasa anarudi na begi lake. Tunamwita "aliyeshindwa". Wengine wanaacha hata kwenda Misa kwa sababu ya macho yetu. Jamani, miaka ile ya malezi ipo kwa ajili ya kupambanua. Aliyepambanua kwa uaminifu na kuona anaitwa kwingine ametumia malezi vizuri. Alichoacha ni nafasi, na pengine ameiokoa nafsi. Jumapili ijayo mpe kiti kwenye benchi lako. Mwulize habari zake, halafu mkaribishe kwenye kwaya. Sauti yake bado anayo.

Tutafakari

1. Ukinyang'anywa nafasi uliyonayo leo, ni kitu gani chako kitabaki?
2. Je, kuna mtu anayelipia mabadiliko unayoyataka bila wewe kumwuliza?
3. Ni nani katika parokia yako aliyebadili njia na anahitaji kupokelewa?

Sala

Ee Bwana, uliyetupa sauti kabla hatujapewa jukwaa, tufundishe kuitumia popote unapotupeleka. Utupe uvumilivu wa kubaki unapotaka tubaki, na ujasiri wa kuondoka unapotuita kwingine. Tuondoke bila kelele, tukiwa tumelipa madeni yetu, na tusiwasahau waliotubeba. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.